Uendelevu wa kimazingira katika mitandao ya utengenezaji wa dawa

Tathmini ya uendelevu wa mtandao wa utengenezaji wa dawa ni upimaji wa madhara ambayo dawa huyaacha katika maji, hewa na ardhi, tangu malighafi hadi kidonge kinapofungashwa. Huitwa mtandao kwa kuwa dawa moja hupitia viwanda kadhaa, mara nyingi vya nchi tofauti: kimoja hutengeneza kemikali za awali, kingine kiambato hai, yaani kemikali inayotibu, kingine vidonge.

Vipimo

Kipimo cha msingi ni kigezo E, kilichotolewa na mwanakemia Roger Sheldon mwaka 1992: kilo za taka kwa kila kilo moja ya bidhaa. Katika usafishaji wa mafuta ya petroli, kigezo hicho hakifiki 0.1, katika dawa huanzia 25 na huweza kupita 100. Kiambato hai hutengenezwa kwa hatua nyingi, na kila hatua hutumia viyeyushi vyake. Kwa hiyo kupunguza hatua hupunguza taka: ibuprofen ilipobadilishiwa njia kutoka hatua 6 hadi 3, sehemu ya atomi za malighafi inayoishia kwenye dawa ilipanda kutoka asilimia 40 hadi 77.

Kigezo E hupima uzito, si sumu. Pengo hilo huzibwa na tathmini ya mzunguko wa maisha, iliyowekewa viwango vya ISO 14040 na 14044, ambayo hujumuisha nishati, maji, gesijoto na sumu.

Mipaka ya hesabu

Jibu hutegemea hesabu inapoanzia. Kiwanda kinachoagiza kiambato hai na kutengeneza vidonge tu, kama vilivyo vingi vya Afrika Mashariki, huonekana safi, kumbe taka nyingi zimebaki zilikotoka malighafi, hasa India na China.

Mfano unaojulikana ni Patancheru, karibu na Hyderabad, India. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya maji yaliyokwisha kusafishwa katika mtambo unaopokea maji taka ya viwanda vya dawa takribani 90. Yalikuwa na antibiotiki ya ciprofloxacin hadi miligramu 31 kwa lita, zaidi ya kiwango cha juu katika damu ya mgonjwa anayeitumia. Mabaki ya antibiotiki huchochea usugu wa bakteria, na bakteria sugu hawaishii katika nchi ya kiwanda.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu taka za utengenezaji wa antibiotiki, unaogusa kiambato hai na dawa iliyokamilika pia.