Wingu Lenye Kiu: Funzo la Mji wa The Dalles

Tumezoea kusema kwamba picha na nyaraka zetu zimehifadhiwa "winguni". Neno hilo linahadaa, kwani wingu hilo lina kuta, lina nyaya, na linakunywa maji.

Tuutazame mji wa The Dalles, jimboni Oregon, Marekani, kando ya Mto Columbia. Kwa maelfu ya miaka, maporomoko ya Celilo yaliyo jirani yalikuwa soko na mavuo ya samaki ya wenyeji wa asili. Machi 1957 milango ya bwawa jipya ilifungwa, na kwa saa chache maporomoko yakazama. Wenyeji walilipwa fidia ya fedha, mavuo hayakurudi.

Umeme nafuu wa bwawa ukavuta kiwanda cha aluminiamu. Mwaka 1987 ardhi ya kiwanda hicho iliingizwa katika orodha ya serikali kuu ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya. Kisha, mwaka 2006, Google ikafungua mjini humo kituo cha data, ikifuata umeme uleule.

Karibu umeme wote unaoingia katika seva hugeuka joto. Njia mojawapo ya kuliondoa ni kuyaacha maji yageuke mvuke, na maji hayo hayarudi bombani. Mwaka 2021 gazeti la The Oregonian liliomba takwimu za maji hayo. Serikali ya mji ikaenda mahakamani kuzuia, ikidai ni siri ya biashara. Mwishoni mwa 2022 ilikubali kuzitoa, na ikabainika kwamba kampuni ilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji.

Habari hii si ya mbali. Mei 2024 Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo cha data huko Olkaria, Kenya, kitakachotumia umeme wa jotoardhi. Umeme huo ni safi kuliko wa makaa ya mawe, lakini ni Olkaria hiyohiyo ambako mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mitambo.

Sisemi tuikatae teknolojia. Hata makala haya yamehifadhiwa katika seva. Ninachodai ni kwamba idadi ya lita za maji itajwe hadharani kabla mkataba haujatiwa saini. Wakazi wa The Dalles walizijua baada ya miaka kumi na sita.