Mtori, kiburu na mbege: mapishi ya Wachagga wa Kilimanjaro

Wachagga wa mlima Kilimanjaro, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Taveta, hutegemea ndizi kama sisi Wapwani tunavyotegemea nazi. Huzipanda katika kihamba, shamba la kurithi linalozunguka nyumba, pamoja na kahawa.

Mtori ni supu nzito. Ndizi mbichi huchemshwa na nyama ya ng'ombe hadi zilainike, kisha hupondwa. Ndicho chakula cha mama aliyejifungua.

Kiburu ni ndizi mbichi na maharage yaliyopikwa pamoja.

Mbege ni pombe. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa zichachuke siku kadhaa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha wimbi. Uchungu wake hutokana na magome ya mti wa msesewe. Hunywewa harusini na matangani. Asiyetumia kileo aulize kwanza, kwani kwa macho hufanana na uji.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo. Hata hivyo, kihamba hugawanywa kwa wana kila kizazi. Kikizidi kuwa kidogo, ndizi za mtori zitatoka sokoni.