Wimbi Lilitupa Masaa Nane

Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika chache usiku, kiti changu kilisogea chenyewe. Ilikuwa enzi ya kafyu, watu wako ndani. Nilidhani ni kizunguzungu cha njaa. Kisha taa ikaanza kubembea, na mamangu akatoka jikoni mbio. "Zilzala hiyo!" Neno hilo Malindi tunalijua tangu utotoni, kwa maalimu: ndilo jina la sura ya 99.

WhatsApp ikawaka moto. Huyu anasema bomu, yule anasema Kiyama. Baadaye jibu likaja: tetemeko la ukubwa wa karibu 6, chini ya bahari, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Mtandaoni nikapata fomu ya wanasayansi wa Marekani ikiuliza nani amelihisi. Nikaijaza kwa Kiingereza changu cha mtu aliyeacha chuo kikuu mwaka wa pili. Mamangu, aliyelitambua kabla yangu, hakuulizwa kitu.

Kesho yake nikamwendea mjombangu, mvuvi wa Mayungu. Akacheka. "Hilo dogo, mwanangu. Wewe ile sunami huikumbuki."

Kweli, nilikuwa na miaka mitano. Tarehe 26 Desemba 2004, saa kumi kasoro alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilipasuka chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, kwa ukubwa wa 9.1. Wimbi likavuka Bahari Hindi kwa mwendo wa ndege, likatufikia mchana. Zaidi ya masaa nane! Indonesia watu walipata dakika tu.

"Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu," mjomba alisema. "Maji yalikuwa yamekupwa. Mara yakarudi kabla ya wakati wake. Yakatoka tena. Mashua zilizokaa mchangani zikaelea."

"Nani aliwaambia mkimbie?"

"Nani atwambie? Tulikimbia tu."

Kule kukupwa kulituokoa sana. Pia, habari zilikuwa zimeshafika kwenye televisheni, na baadhi ya fuo zikafungwa na polisi. Hata hivyo, hapa Malindi mtu mmoja aliyekuwa akiogelea alikufa maji. Somalia walikufa karibu watu 300. Pasifiki walikuwa na kituo cha tahadhari tangu 1949. Bahari Hindi haikuwa nacho.

Na si ati Malindi sayansi ilikuwa haijafika. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Ngomeni, Waitaliano walirusha Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani. Kutoka kwetu watu walitazama nyota za mbali miaka 34 kabla ya sunami, na mvuvi wa ng'ambo ya ghuba akabaki kutegemea macho na miguu yake.

Tangu 2011 Bahari Hindi ina mfumo wake: tahadhari zinatoka Australia, India na Indonesia, zinafika Idara ya Hali ya Hewa, Nairobi. Vizuri. Swali langu ni la kipande kilichobaki, kutoka Nairobi mpaka dikoni. Wavuvi wana vikundi vyao vya kusimamia fuo, vinatambuliwa na sheria tangu 2007. Misikiti ina vipaza sauti. Redio zinaongea Kigiriama. Njia zipo tayari, kinachohitajika ni watu kuzizoea kabla ya siku yenyewe.

Na habari isiende upande mmoja tu. Mashine ya kupima maji kule Lamu ilinasa mawimbi ya 2004, wataalamu wakayasoma. Mjombangu naye aliyahesabu, kwa akili iliyozoea bamvua na maji mafu miaka arubaini. Mpaka nilipomuuliza mimi, hakuna aliyekuja na daftari.

Simu yake ni mulika mwizi. Fomu ya Kiingereza haifunguki humo. Lakini meseji ya maneno kumi inaingia: Bahari si salama. Tokeni ufuoni, pandeni juu. Msirudi mpaka mwambiwe.