Sanamu za Barye: Kwa nini jina pekee halitoshi

Ukikuta sanamu ndogo ya simba imeandikwa BARYE, usikimbilie kutoa pesa. Jina linaweza kuwa la kweli kabisa, lakini mwenyewe hakuwahi hata kuigusa.

Barye ni nani?

Antoine-Louis Barye alikuwa mchongaji wa Paris, Ufaransa, aliyefariki 1875. Aliwasoma wanyama kwenye bustani ya Jardin des Plantes, na wakifa aliwapima mwili. Mwaka 1831 alijulikana kwa sanamu ya chui milia akimtafuna mamba. Yeye na wenzake waliitwa "animaliers", yaani wachongaji wa wanyama. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli.

Shida iko wapi?

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Huyeyushwa, kisha humiminwa kwenye kalibu. Mfano mmoja unaweza kutoa nakala nyingi, na sahihi iliyo kwenye mfano hutokea kwenye kila nakala.

Barye aliuza sanamu ndogo za kupamba nyumba, lakini madeni yakamzidi na 1848 akafilisika. Mifano yake ikaenda kwa aliyekuwa akimdai. Kwa miaka kadhaa simba wake wakaendelea kuuzwa kwa jina lake, biashara ikiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Baada ya kifo chake, kiwanda cha Ferdinand Barbedienne kilinunua mifano yake mingi na kuendelea kutoa nakala. Hizo si feki, ila bei yake huwa tofauti na zile alizosimamia Barye mwenyewe.

Angalia nini?

- Herufi FB kwenye alama ndogo ya dhahabu: ni kazi ya Barbedienne, Barye akiwa ameshafariki.
- Manyoya na meno: nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine hupoteza makali. Pia huwa ndogo kidogo, kwa sababu metali ikipoa husinyaa.
- Mikwaruzo ya chini: bronzi huonyesha rangi ya njano. Ukiona kijivu cheupe, huenda ni zinki iliyopakwa rangi.

Na usiisugue ing'ae! Ule weusi au ukijani wa juu uliwekwa makusudi kiwandani, kwa dawa na moto. Ukiutoa, umeshusha thamani.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: ilitengenezwa lini, na kiwanda gani? Akikujibu "si unaona jina?", hajakujibu.