RoboCop (filamu ya 2014)

RoboCop ni filamu ya mapigano na bunilizi ya kisayansi kutoka Marekani iliyotolewa mwezi Februari 2014. Iliongozwa na José Padilha wa Brazil, anayejulikana kwa filamu ya Tropa de Elite (2007). Waigizaji wakuu ni Joel Kinnaman, Gary Oldman, Michael Keaton, Abbie Cornish na Samuel L. Jackson. Ni toleo jipya la filamu yenye jina hilohilo iliyoongozwa na Paul Verhoeven mwaka 1987.

Hadithi

Mambo yanatokea mjini Detroit mwaka 2028. Kampuni ya OmniCorp inatengeneza roboti zinazotumiwa na jeshi la Marekani nchi za nje, lakini sheria inakataza kuzitumia ndani ya nchi. Ili kuwavuta wananchi, mkuu wa kampuni, Raymond Sellars (Keaton), anataka mashine yenye mtu ndani yake. Polisi Alex Murphy (Kinnaman) anapojeruhiwa vibaya na bomu lililotegwa garini, Dkt. Dennett Norton (Oldman) anaunganisha viungo vyake vilivyosalia na mwili wa mashine. Baadaye, kwa shinikizo la kampuni, Norton anapunguza hisia za Murphy ili atende kama roboti.

Tofauti na filamu ya kwanza

Katika filamu ya 1987 Murphy (Peter Weller) anauawa na kumbukumbu zake zinafutwa. Mtazamaji anamfuata anapogundua kidogokidogo kwamba aliwahi kuwa mtu mwenye mke na mtoto. Katika toleo jipya anajitambua mara anapozinduka, na mkewe ndiye aliyekubali afanyiwe kazi hiyo. Hivyo swali lililobeba hadithi ya kwanza linajibiwa mapema.

Verhoeven alilazimika kupunguza umwagaji damu mara kadhaa ili apate daraja la R, ambalo humtaka mtazamaji wa chini ya miaka 17 aandamane na mtu mzima. Ukatili huo ulikuwa sehemu ya kejeli yake dhidi ya makampuni yasiyojali uhai wa watu. Toleo la 2014 lilipewa daraja la PG-13, linaloruhusu vijana wengi zaidi kuingia. RoboCop 3 (1993) nayo ilikuwa na daraja hilo, na haikufanikiwa.

Mapato

Filamu ya 1987 iligharimu takriban dola milioni 13 na kuingiza takriban milioni 53 katika Amerika ya Kaskazini. Ile ya 2014 iligharimu dola milioni 100 au zaidi, lakini huko iliingiza takriban milioni 58 tu, ingawa bei ya tiketi ilikuwa imepanda sana. Mapato ya dunia nzima yalifikia takriban milioni 242, sehemu kubwa ikitoka nje ya Marekani. Wahakiki waligawanyika.

Nafasi yake katika filamu za mapigano

Total Recall (2012) ilipita njia hiyohiyo: ilikuwa toleo jipya la filamu ya Verhoeven ya mwaka 1990, ikashushwa kutoka R hadi PG-13, na mapato yake ya Marekani yalikuwa madogo kuliko ya ile ya kwanza. Hata hivyo, watazamaji hawakuwa wameyaacha mapigano yenyewe. Mwaka uleule wa 2014 ilitoka John Wick, filamu ya R yenye hadithi mpya na bajeti ndogo, ikazaa mfululizo mzima. Mwaka 2015 Mad Max: Fury Road, nayo ya daraja la R, ilifufua mfululizo wa zamani na kushinda tuzo sita za Oscar.