Mastaringi, au kazi ya kuandaa nakala mama

Anayejifunza utayarishaji wa muziki kwa Kiswahili hukutana mapema na maelezo ya aina hii: wimbo ukishachanganywa, hupelekwa kwenye hatua ya umahiri. Sarufi iko sawa, maana haipo. Mfasiri ameliona neno "master", akakumbuka kwamba vyuoni shahada ya pili huitwa shahada ya umahiri, akahitimisha kuwa fundi wa hatua hii anauongezea wimbo ustadi. Kijana anayesoma hayo anaamini kwamba wimbo ulioharibika kwenye miksi utaponea huko mbele. Na kwa kuwa haelezwi huo ustadi ni wa namna gani, anautafuta kwa masikio yake, anasikia kitu kimoja tu: nyimbo zilizopigwa masta zina sauti kubwa. Basi anafungua programu, anavuta limita, kifaa cha kuzuia vilele vya sauti, hadi mwisho, anaamini kazi imekwisha.

Studioni, Dar es Salaam na Nairobi, hakuna anayesema umahiri. Utasikia "miksi iko poa, bado masta tu", au "nipigie masta tuachie ngoma Ijumaa". Katika sentensi hizo masta ni jina la kitu, na lugha ya studio hapo imeukaribia ukweli kuliko wafasiri.

Masta kweli ni kitu, na kwa miaka mingi kilikuwa cha kushikwa mkononi. Kwenye utengenezaji wa santuri, fundi alikata mfereji wa sauti juu ya sahani ya alumini iliyopakwa laka. Sahani hiyo ilipuliziwa fedha nyembamba, ikatumbukizwa kwenye dawa na kupitishiwa umeme mpaka nikeli ikajijenga juu yake. Nikeli ile ikibanduliwa hutoa sura ya kinyume: palipokuwa na bonde pana tuta. Kutoka hiyo hutolewa sahani nyingine ya chuma yenye mifereji halisi, na kutoka hiyo ya pili hutolewa mihuri ya kukandamizia plastiki. Mafundi wa Kijerumani walizipa sahani hizo tatu za chuma majina ya baba, mama na mwana. Kosa lolote lililokuwamo kwenye laka lilirithiwa na kila santuri iliyouzwa dukani. Mastaringi ni kazi ya kuandaa ile ya asili ambayo nakala nyingine zote zitatoka kwake, na ndiyo sababu naona Kiswahili kinatupa jina lililo tayari: nakala mama.

Kazi hii haikuwa na fundi wake tangu mwanzo. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, mkanda wa sumaku ulikuwa haujaingia kwenye studio za muziki. Sauti ilichorwa kwenye nta papo hapo, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi. Nani asikike zaidi ya nani kuliamuliwa na umbali wa kila mmoja kutoka kwenye maikrofoni. Mambo yalibadilika mwaka 1948, mwaka ambao kampuni ya Ampex ilianza kuuza mashine zake za kurekodi kwenye mkanda na Columbia ikatoa santuri ya muda mrefu, LP. Sasa wanamuziki waliweza kurekodi leo, na mtu mwingine, kwenye chumba kingine, akauhamisha mkanda ule kwenda kwenye laka kesho. Huyo mtu wa kuhamisha ndiye babu wa mafundi wa mastaringi. Mwaka 1967 Doug Sax alifungua The Mastering Lab mjini Los Angeles, miongoni mwa studio za kwanza kujitegemea kwa kazi hiyo peke yake.

Kuhamisha kulikuwa na maamuzi magumu kuliko jina linavyoonyesha. Besi inataka mfereji mpana. Ikizidi, mifereji inagusana au sindano inaruka. Nakala za mwanzo za albamu ya Led Zeppelin II ya mwaka 1969, alizozikata fundi Bob Ludwig kwa nguvu nyingi, ziliruka kwenye gramafoni za bei nafuu, zikakatwa upya kwa besi iliyopunguzwa. Huku kwetu kizuizi kikubwa kilikuwa muda. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haikai zaidi ya dakika nne au tano kila upande bila sauti kufifia, na wimbo wa dansi au benga ulikuwa mrefu kuliko hapo. Ndiyo maana santuri nyingi za Nairobi zimeandikwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule. Mtu fulani alikaa na mkanda, akasikiliza, akaamua wimbo ukatwe wapi ili mchezaji ageuze sahani bila kupoteza hamu ya kucheza. Uamuzi ule ulikuwa mastaringi kamili, hata kama aliyeufanya hakuwahi kuitwa kwa jina hilo.

Sasa turudi nyuma hatua moja, kwenye miksi, maana makosa mengi yanayobebeshwa masta yametoka huko.

Vitabuni tunaandika "uchanganyaji wa sauti". Silikatai, lakini silipendi. Kuchanganya kwa Kiswahili ni pia kuvuruga: mtu huchanganyikiwa, na maji yakichanganywa na maziwa hayatenganishiki tena. Fundi wa miksi anataka kinyume chake, kila chombo kisikike kilipo huku vyote vikisikika pamoja. Waingereza wenyewe waliwahi kuwa na jina bora. Katika studio za EMI pale Abbey Road, cheo cha mtu aliyekaa mbele ya meza ya sauti kilikuwa fundi wa uwiano. Norman Smith alikuwa na cheo hicho aliporekodi kazi za mwanzo za The Beatles. Tunacho kitenzi cha kuwianisha, kinatumika kila siku kwenye hesabu na kwenye habari za uchumi. Kuwianisha sauti kunamwambia mwanafunzi afanye nini. Kuchanganya kunamwambia azimwage zote kwenye chungu kimoja.

Tuchukue mfano wa besi na kiki, ile ngoma nene inayopigwa kwa mguu. Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa sauti ya hezi 41 hivi. Kiki za Bongo Flava nyingi zina uzito wao karibu na hezi 50 au 60. Vyombo viwili vinagombea kiti kimoja, na mwanafunzi akisikia kiki imezama anaipandisha. Kisha besi inasikika imezama, anaipandisha nayo. Baada ya robo saa taa nyekundu zinawaka na hakuna kilichosikika vizuri. Dawa ni kuamua nani akae chini na nani akae juu yake kidogo. Besi ikipunguzwa kwa ekwalaiza pale kwenye hezi 60, hata desibeli tatu tu, kiki inatokeza bila kuongezwa. Halafu kuna simu. Kispika cha simu hakiwezi kutoa hezi 41 kabisa. Lakini sikio lina uwezo wa ajabu: likipewa vizidishi vya ile ya chini (82, 123, 164 na kuendelea), hata vile vya juu tu, linaijenga yenyewe ile isiyokuwepo. Kwa hiyo fundi anayejua kwamba wasikilizaji wake wako kwenye daladala na simu mkononi huikwaruza besi kidogo ili vizidishi hivyo vitokeze. Hiyo ni kazi ya miksi. Kwenye mastaringi besi na kiki zimeshakuwa faili moja. Ukigusa moja umegusa zote mbili.

Sasa tuje kwenye sauti kubwa. Muziki wa dansi una mahali panapoitwa chemko: mwimbaji amemaliza beti zake kwa utulivu, magitaa yanabadilika, ngoma zinaingia kwa kasi, watu wanainuka kwenye viti. Chemko linafanya kazi kwa sababu kilichotangulia kilikuwa cha chini. Limita haijui hilo. Kazi yake ni kuzuia vilele visivuke kikomo, na ukiisukuma sana inapandisha beti tulivu mpaka zilingane na chemko. Wimbo unakuwa ukuta mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Chemko linafika na hakuna anayeinuka.

Zamani kulikuwa na kisingizio: redioni, wimbo wenye sauti ndogo ulionekana dhaifu ukipigwa baada ya wenye sauti kubwa. Kisingizio hicho kimepungua sana. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilichapisha njia ya kupima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, na kipimo chake kinajulikana kwa herufi LUFS. Spotify kwa kawaida hulenga hasi 14 kwenye kipimo hicho, na YouTube huzishusha nyimbo zinazozidi kiasi kama hicho. Wimbo uliobanwa hadi hasi 8 unashushwa desibeli 6 kabla haujamfikia msikilizaji. Aliyeua chemko ili awe na sauti kubwa kuliko wenzake anaishia na sauti ileile ya wenzake, na chemko hana.

Wanaojifunza pamoja mtandaoni kwa kutumiana faili wanaweza kujikinga kwa zoezi moja: kabla ya kusema masta hii ni nzuri kuliko miksi, zisawazisheni kwanza kwa ukubwa wa sauti. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi kuliko inavyopoteza sauti za kati. Kwa hiyo kitu kilekile kikipandishwa tu, kinasikika kimenona. Shusheni ile ya masta mpaka zilingane, ndipo mlinganishe. Masta nyingi zinazosifiwa zitashindwa mtihani huo. Na mnapokosoana, tumieni maneno ambayo wasikilizaji wa Kiswahili wanayo tayari: vokali imezama, kiki imemezwa, gitaa linatoboa masikio. Kila moja linaonyesha mahali pa kugusa. Gitaa linalotoboa, kwa mfano, mara nyingi limezidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, ambako sikio la binadamu ni kali zaidi. Kumwambia mwenzako "ngoma haijakaa" hakumsaidii.

Kuna sababu nyingine ya kutaka jina sahihi, nayo ni pesa. Mikataba ya kurekodi huzungumzia umiliki wa masta, yaani nani anamiliki rekodi ya asili yenyewe, mbali na aliyetunga maneno na sauti za wimbo. Mwimbaji Taylor Swift alianza kutoa upya albamu zake mwaka 2021 kwa sababu masta za kwanza ziliuzwa kwa watu wengine mwaka 2019. Nyimbo alizitunga yeye, rekodi hazikuwa zake. Msanii wa Mwanza au Mombasa anayesoma kifungu kinachosema "umahiri wote utabaki kuwa mali ya kampuni" atadhani ni maneno ya heshima. Akisoma "nakala mama zote zitabaki kuwa mali ya kampuni", ataelewa mara moja kwamba anaulizwa swali zito. Mikanda iliyorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo iko chini ya TBC, ni nakala mama za sehemu kubwa ya dansi la nchi hii. Ikiitwa hivyo, hata asiyejua lolote kuhusu studio anajua kwa nini haipaswi kuoza.

Pendekezo langu kwa BAKITA, kwa walimu na kwa wanaoandika mafunzo ni hili: mafundi waendelee kusema miksi na masta, kwa sababu wanaelewana, lakini kwenye maandishi tuseme kuwianisha sauti na kuandaa nakala mama. Neno umahiri liachiwe vyuo. Na wewe msanii, ukiliona kwenye mkataba wako wa kurekodi, rudisha karatasi iandikwe upya kabla hujatia saini.