Mashine ya Kinyozi na Mbwa wa Keroka

Kwa Abagusii, kunyoa hakukuwa jambo la kukurupukia. Nyanda za juu zinazoizunguka Keroka zilijua wembe wa mhunzi kabla ya kuijua barabara ya Kisii kwenda Sotik, ambayo leo inaupasua mji huu ukiwa na mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Wafiwa walinyolewa kichwa baada ya mazishi, kama ilivyokuwa pia kwa majirani zao Wajaluo na Abaluhya. Aliyeshika wembe alijua anamnyoa nani, kwa sababu gani, na anyoe mpaka wapi.

Kulikuwa hata na wakati ambapo kukataa kunyolewa kulihesabiwa kuwa uasi. Mwaka 1913 Onyango Dunde, Mjaluo wa Alego, alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa Ziwa Victoria amemmeza, akamtapika akiwa mzima na kumpa ujumbe. Nyoka huyo aliitwa Mumbo. Wafuasi waliambiwa waache nywele zikue, wavae ngozi za mifugo, wasioge, na wawangoje Wazungu waondoke. Mafundisho hayo yaliingia Gusii mwaka 1914, na Septemba mwaka huohuo, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipopigana Kisii, mji uliporwa. Misheni ya Nyabururu ilikuwa imeanzishwa mwaka 1911 na ya Nyanchwa mwaka 1912, nazo zilifundisha usafi na mavazi ya namna nyingine kabisa. Serikali ya kikoloni iliwahamishia Lamu baadhi ya viongozi wa Mumbo. Mtu aliweza kujulikana yuko upande gani kwa kutazamwa kichwa tu.

Mashine ya umeme ilikuja na tabia nyingine. Leo J. Wahl wa Sterling, jimbo la Illinois, Marekani, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1921, na jina lake bado limeandikwa kwenye mashine nyingi zinazonguruma katika vibanda vya vinyozi wa Kenya. Kabla ya hapo kulikuwa na mashine za kubana kwa mkono, na nyingi zilitumika kwa farasi kama zilivyotumika kwa watu. Miaka ya 1990, hofu ya UKIMWI ilipowafanya watu waukimbie wembe wa kushirikiana, mashine ndiyo iliyozidi kuaminiwa. Ukiingia kibandani utamwona kinyozi akipangusa meno ya mashine kwa spiriti, anapachika kitana cha plastiki, kisha anauliza swali moja tu: namba ngapi?

Swali hilo ndilo linaloleta balaa mashine inapohamia kwa mbwa.

Kumnyoa mbwa ni kazi ya zamani. Mwaka 1621 Mwingereza Gervase Markham aliandika kitabu kuhusu uwindaji wa ndege, akaeleza jinsi mbwa wa majini wanavyonyolewa nyuma ili waogelee kwa wepesi, huku sehemu ya mbele ikiachwa na manyoya. Huko Paris, wanyoaji wa mbwa walifanya kazi kando ya mto Seine, wateja wakiwaletea poodle zao wakipita. Ilikuwa kazi ya mbwa ambao manyoya yao hayaachi kukua. Mbwa wa kienyeji wa Gusii, mlinzi wa boma na ng'ombe, ana manyoya mafupi, na hakuna aliyewahi kufikiria kumnyoa. Hana haja.

Basi itazame hesabu ya namba. Kwenye kibanda cha kinyozi wa watu, namba moja huacha nywele za milimita 3 hivi, namba nne huacha 13, na kitana cha namba kumi huacha kama 32. Kadiri namba inavyopanda ndivyo nywele zinavyobaki ndefu. Lakini meno ya chuma ya mashine za mbwa yanahesabiwa kinyume. Namba nne huacha milimita 9 na nusu hivi, namba kumi huacha moja na nusu tu, na namba arobaini, ambayo madaktari wa mifugo huitumia kabla ya upasuaji, huacha robo milimita. Mteja aliyezoea kinyozi wa watu akitaja namba kumi akidhani anaacha manyoya mengi, atarudishiwa mnyama aliye karibu uchi. Hapo hakuna mwongo. Walitaja namba moja, wakamaanisha vitu viwili.

Kibaya zaidi, mbwa wawili wanaopendwa sana Kenya, German Shepherd wa kulinda na Japanese Spitz mweupe wa nyumbani, wote wana manyoya ya tabaka mbili. Ya ndani ni laini kama sufi na hushika joto. Ya nje ni marefu na magumu, nayo huzuia mvua na jua. Ukiyakata yote, ya ndani huwahi kuota, ya nje yakachelewa. Mbwa akabaki na mabaka kwa miezi, na wengine hupita mwaka kabla ya kurudi walivyokuwa. Keroka iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mbwa aliyenyolewa hivyo akilala nje usiku atateseka, na spitz mweupe ataunguzwa ngozi na jua la saa saba mchana. Mbwa hao huchanwa, hawanyolewi.

Kosa hilo likishatokea, mwenye mbwa asikubali mbwa wake arudiwe kwa mashine ili "kusawazisha". Amlaze ndani, amvike kitambaa usiku, amkinge na jua, na akiona ngozi imekatwa au ina wekundu aende kwa daktari wa mifugo. Kisha azungumze na kinyozi, akiwa na picha za kabla na baada, maana wengi hurudisha pesa wakiombwa kwa utulivu. Sheria nayo ipo. Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayetoa huduma aitoe kwa ubora unaostahili, na mahakama za madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Lakini mbwa hajui mahakama, na baridi ya usiku haingoji hukumu. Wenye mbwa, acheni kutaja namba: onyesheni kwa kidole urefu mnaoutaka, au mtaje milimita. Nanyi vinyozi, mtu akiwaletea German Shepherd anyolewe, mwambieni hapana, kisha mumchukulie kitana mumchane.